Si mnyoo, wala haui mikoko

Pasua gogo la mkoko lililolala topeni kule Kaole, Bagamoyo. Utakuta matundu yenye kuta nyeupe, na ndani yake kiumbe kirefu, laini, kinachoteleza. Wengi humwita mnyoo au mchwa wa baharini, na husema ndiye anayemaliza mikoko. Yote mawili si kweli.

Huyo ni ndugu wa chaza. Magamba yake mawili yamebaki madogo tu mbele, nayo huyatumia kukwangulia mbao. Kuta nyeupe ni chokaa anayoitoa mwenyewe. Huingia akiwa mchanga, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukulia humo humo. Ndiyo maana jahazi huonekana zima kwa nje kumbe ubao umeshaliwa, na ndiyo maana mafundi hawachoki kupaka deheni ya shahamu na chokaa. Mbao huimeng'enya kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye matamvua yake, yaani viungo vyake vya kupumulia.

Ila chakula chake hasa ni mti uliokwisha kufa. Bila yeye magogo yangerundikana topeni, na matundu anayoyaacha hukaliwa na viumbe wengine wadogo. Anayetafuta wa kulaumu aanzie kwenye shoka, tanuri la mkaa na mashamba ya chumvi.

Yupo mwingine, mdogo, wa ukoo wa kamba na kaa, anayetoboa mizizi hai ya mkoko inayoning'inia. Huyo kweli huidhuru mizizi. Lakini hata yeye hali mbao: anachimba makazi tu, chakula anakichuja majini.