Isamva si shetani: neno na ukoo wake

Nimeulizwa asili ya neno la Kisukuma isamva, wingi masamva, na kama lina maana ya ulinzi. Wengi hapa Mwanza wakitafsiri masamva huandika "mashetani". Kosa hilo huniumiza, kwa sababu linageuza mababu wa mtu kuwa adui zake. Shetani ni neno lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya uovu. Isamva ni marehemu wa ukoo, ambaye bado ana haki na wajibu kwa walio hai. Akisahauliwa huweza kuleta maradhi. Nfumu, yaani mganga wa Kisukuma, akipiga ramli hutafuta kwanza ni isamva wa upande wa baba au wa mama, maana pande zote mbili zina wao.

Tulipasue neno. I- ni kiambishi cha umoja, ma- cha wingi, kama jino na meno. Kinachobaki ni -samva. Sasa zunguka ziwa: Waganda wana musambwa, wingi misambwa, Waluhya na Wakuria nao wana misambwa. Sauti zinakaribiana mno, na maana pia, hata naliona shina kuwa moja. Ila usibebe maana nzimanzima. Kwa Waganda musambwa ni wa mahali: mwamba, chemchemi, mto, na huweza kujionyesha kama nyoka. Marehemu kwao ni muzimu. Kwa Waluhya misambwa ni mababu, kama kwetu. Hata visiwa vya Musambwa, upande wa Uganda, vina jina hilo.

"Mizimu" je? Ni tafsiri ya karibu zaidi, nami huitumia nikibanwa. Shina lake ni la kale sana: Wanyarwanda wana abazimu, na Wasotho huko kusini huwaita mababu badimo, na Mungu Modimo. Kiswahili chenyewe kimehifadhi kuzimu, na pia wazimu, ambao kwa umbo ni wingi wa ngeli ya watu, kama mtu na watu, ingawa leo tunasema "wazimu umempanda". Wapo wanaodai mzimu umetokana na kuzima, kama taa. Sauti hizohizo zimo katika mzima, aliye hai! Mfanano ndani ya lugha moja hautoshi; linganisha lugha nne au tano kwanza.

Na ulinzi? Haumo katika shina la isamva. "Mlinzi" hutaja kazi yake tu. Katika maandishi ya Kiswahili mimi huacha masamva kama lilivyo, kisha naongeza "wahenga wa ukoo" mara ya kwanza linapotokea.