Malimwengu yasiyo na idadi: dhana potofu kuhusu uwezekano

Dhana: Kama malimwengu ni mengi, uwezekano wa kuwapo ulimwengu kama wetu ni kuhesabu tu. Chukua yanayofanana na wetu, gawanya kwa yote.

Hesabu inagoma hapo hapo. Nadharia ya mfumuko wa milele, iliyojengwa na wanafizikia Alexander Vilenkin na Andrei Linde miaka ya 1980, inasema anga hutanuka na kuzaa malimwengu bila kikomo. Yenye nyota hayana idadi, yasiyo na nyota nayo hayana idadi. Utagawanya nini kwa nini?

Jaribu kwa namba za kawaida. Zipange 1, 2, 3, 4: nusu ni witiri. Sasa zipange 1, 3, 2, 5, 7, 4, 9, 11, 6, uendelee hivyo hivyo. Hakuna namba iliyoachwa wala kurudiwa, lakini kila ukihesabu tatu, mbili ni witiri. Namba ni zile zile. Kilichobadili jibu ni mpangilio. Na maumbile hayajatuambia malimwengu yapangwe vipi.

Dhana: Basi tuweke kikomo cha muda, tuhesabu yaliyozaliwa kabla yake.

Wazo zuri, na lilijaribiwa. Mwanafizikia Alan Guth alikadiria kuwa kila sekunde idadi ya malimwengu huzidishwa kwa namba ambayo kuiandika tu kunahitaji tarakimu zaidi ya 10³⁶. Kwa hiyo popote utakapoweka kikomo, malimwengu machanga yatayameza makongwe. Tungetarajia kujikuta katika ulimwengu mchanga kupita kiasi, ilhali wetu una miaka bilioni 13.8. Ukibadili aina ya saa, jibu nalo linabadilika, na Einstein alishatuonyesha kwamba hakuna saa moja ya wote.

Dhana: Mwanafizikia Steven Weinberg alishalimaliza tatizo hili.

Mwaka 1987 alikadiria kwamba nishati iliyomo katika anga tupu isingeweza kuzidi kiwango fulani, la sivyo galaksi zisingeumbika. Vipimo vya 1998 vikaikuta ipo, na chini ya kiwango hicho. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Ila hoja ya uwezekano ndani yake ilisimama juu ya dhanio kwamba thamani zote za nishati hiyo, katika kipande kile chembamba kinachoruhusu galaksi, zina nafasi sawa. Dhanio hilo ndilo linalodai kuthibitishwa.

Dhana: Haya ndiyo malimwengu ya kwantumu ya Hugh Everett.

Hapana. Pendekezo la Everett la 1957, kwamba kila tokeo la kwantumu hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu, ni jambo jingine. Kule kanuni ya Born inatoa uzito wa kila tokeo, na ubishi ni kwa nini itumike. Huku kwenye mfumuko wa milele, hata kanuni yenyewe iliyokubalika haipo.