Springi ngumu si dawa ya kona za milimani

Vijana wengi wa Mbeya wenye Subaru Impreza huamini kwamba gari likishushwa na kufungwa springi ngumu zaidi, litashika barabara vizuri popote. Kwenye lami laini imani hiyo ina ukweli, kwa kuwa bodi hailali sana kwenye kona. Lakini kwenye mawe na makorongo ya njia inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba, yenye kona zaidi ya 50, mambo hugeuka. Tairi hushika njia pale tu linapoigusa, na springi ngumu kupita kiasi, badala ya kubonyea juu ya jiwe, huliacha gurudumu liruke hewani, na kwa kitambo hicho usukani na breki havina cha kushika. Kushusha gari huzidisha tatizo, maana shokapu hukosa nafasi ya kucheza na hugonga mwisho wake mapema (kishindo hicho fundi yeyote wa Uyole anakifahamu). Kwa njia hizo ningebaki na kimo cha awali na springi za ugumu wa wastani, kisha fedha nyingi ningezielekeza kwenye shokapu bora zinazorekebishika, kwa sababu ndizo zinazotuliza mdundo wa springi. Bushi (vipande vya mpira kwenye maungio ya miguu ya gari) zilizochakaa, hata hivyo, zibadilishwe kwanza.