Kabla hujanunua skrini nyingine

Kiangazi kinapokolea Dodoma na upepo kulipenyeza vumbi hata kwenye madirisha yaliyofungwa, meza ya karakana yangu hapa Majengo hujaa kompyuta mpakato ambazo wenyewe wanasema zimekataa kuonana na skrini ya nje. Wanaonijia ni wahadhiri na wanafunzi, wahasibu wanaotaka kuliona jedwali refu bila kulisogeza kila mara, na watumishi wengi walioletwa huku na uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamishia Serikali Dodoma. Karibu kila mmoja huwa ameshatoa hukumu kabla hajaketi: skrini imekufa. Naandika haya kwa sababu mara nyingi skrini hiyo ni nzima kabisa, na inaniuma kumwona mtu akitoa fedha ya mwezi mzima kununua nyingine wakati tatizo liko kwenye waya, kwenye tundu, au kwenye kitufe ambacho hakikubonyezwa.

Picha haitoki kwenye kompyuta na kumiminika kwenye skrini kama maji ya bomba. Kabla ya nukta moja kuonekana, vifaa hivi viwili hupigiana hodi. Waya wa HDMI, ambao ndio waya wa picha unaokutana nao mara nyingi, una pini 19. Kompyuta hupeleka volti 5 kupitia pini ya 18, na skrini ikiupata umeme huo mdogo hujibu kwa kupandisha volti kwenye pini ya 19, yaani, nipo, karibu. Hapo kompyuta husoma, kupitia pini mbili nyingine, kitambulisho kilichohifadhiwa ndani ya skrini ambacho mafundi tunakiita EDID. Sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu, lakini ndiyo inayotaja mtengenezaji na vipimo vya picha ambavyo skrini inaweza kuvipokea. Kitambulisho kikishasomwa ndipo picha hutumwa. Kwa hiyo kazi ya fundi ni kutafuta mahali ambapo mazungumzo hayo yamekatikia.

Dalili zenyewe husaidia sana kupajua mahali hapo. Skrini isiyowasha hata kitaa chake kidogo ina tatizo la umeme, na waya wa picha hauhusiki. Ikiwa kitaa kinawaka na maandishi yanatokea kusema hakuna ishara, hiyo ni habari njema, kwa kuwa skrini iliyoweza kuandika maneno hayo ina kioo kizima na taa nzima. Kinachokosekana ni cha kuonyesha. Kompyuta ikiitaja skrini kwenye mipangilio yake huku kioo kikiwa cheusi, hodi imeitikiwa na kitambulisho kimesomwa, ila picha yenyewe ndiyo imekwama njiani. Na picha inayokuja na kukatika, au yenye chembechembe zinazometameta, karibu kila mara inaelekeza kwenye waya au tundu.

Anza na yasiyogharimu chochote. Skrini yenye matundu mawili ya HDMI na moja la VGA, lile la zamani, haisikilizi yote kwa pamoja, hivyo tumia kitufe chake cha kuchagua chanzo hadi lile tundu ulilochomeka. Kwenye kompyuta yenye Windows, shikilia kitufe cha Windows na ubonyeze herufi P. Utapewa njia nne: skrini ya kompyuta pekee, picha ile ile pande zote mbili, eneo la kazi lililopanuliwa hadi skrini ya pili, na skrini ya nje pekee. Nimeshapokea kompyuta nyingi zilizokuwa zimewekwa kwenye njia ya kwanza bila mwenyewe kujua. Kama bado, zima vyote viwili, chomoa skrini kwenye soketi ya ukutani, ngoja kama dakika moja, kisha uunganishe upya. Kuzima kwa kitufe hakukati umeme wote ndani ya skrini, na saketi iliyoganda baada ya umeme kukatika na kurudi ghafla hubaki imeganda vilevile mpaka ichomolewe.

Vumbi letu linastahili kuelezwa kwa kirefu. Mwaka jana alikuja mwalimu mmoja mstaafu, kompyuta ameifunga kwenye kitambaa safi. Baada ya kumwamkia nilimwuliza tatizo ni nini, akajibu, "Marahaba, mwanangu. Kioo kimekufa, lakini nikikaza waya kwa kidole kinafufuka." Maneno hayo yalinitosha kuwa vipimo. Nilimulika tundu la HDMI kwa tochi ya simu na kuona, nyuma kabisa, tabaka la vumbi jekundu lililoshindiliwa na kichwa cha waya kila kilipochomekwa, hadi likawa gumu kama udongo wa kichuguu. Kichwa kilikuwa kinabaki nje kwa kiasi cha milimita moja hivi. Milimita moja inatosha kuharibu kila kitu, kwa sababu ile pini ya 19 inayoitikia hodi imekaa pembeni kabisa mwa safu yake, na kichwa kikilala upande kidogo hiyo huweza kuwa ya kwanza kupoteza mguso. Nilizima kompyuta, nikachomoa chaja, nikalegeza vumbi kwa kijiti cha meno cha mbao na kulitoa kwa brashi laini na kipulizio cha mkono. Usitumie sindano wala pini ya chuma, maana miguso iliyo ndani ni myembamba na ikipinda haina marekebisho mepesi. Usipulize kwa mdomo pia, kwa sababu mate yakichanganyika na vumbi hugeuka tope.

Tundu la USB-C ndilo linalowapotosha watu kuliko jingine lolote siku hizi. Lina pini 24, linaingia upande wowote, na umbo lake ni lile lile kwenye kila kifaa, lakini umbo hilo halisemi chochote kuhusu kazi ambayo mtengenezaji ameipa. Tundu moja hupeleka data tu, jingine hupokea chaji na data, jingine hubeba picha pia kwa utaratibu wa DisplayPort, njia nyingine ya kupeleka picha kama HDMI, uliopitishwa ndani ya waya huo huo. Angalia alama iliyochapwa pembeni: herufi D yenye P ndani yake ni ya DisplayPort, na mshale wa radi ni wa Thunderbolt, ambayo nayo hubeba picha. Alama ya betri inazungumzia chaji. Pasipo alama yoyote, tafuta maelezo ya modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kununua chochote.

Mama mmoja anayefanya kazi kwenye ofisi za Serikali za Mtumba alinimwagia mezani adapta tatu kutoka kwenye mkoba wake. "Fundi, hii ya tatu nimeagizia Dar, nayo imekataa." Kompyuta yake ilikuwa na matundu mawili ya USB-C, moja kila upande. Upande wa kulia palikuwa na alama ya USB peke yake. Kushoto kulikuwa na ile D yenye P, lakini hakuwahi kujaribu kushoto, kwa sababu kushoto ndiko chaja ilikokaa siku zote. Nilihamisha adapta na baada ya sekunde chache picha ikatokea, naye akauliza swali ambalo ndilo lilikuwa tatizo halisi: "Sasa chaji itaingilia wapi?" Kati ya zile adapta tatu, moja ilikuwa na tundu la kupokea chaja na kuipitisha hadi kwenye kompyuta. Dawa alikuwa nayo mkobani muda wote. Adapta hazikuwa na kosa, na yeye pia hakuwa nalo. Kosa ni la soko linalouza vitu vyenye sura moja na uwezo tofauti bila kumweleza mnunuzi. Waya nao una hali hiyohiyo: waya mwingi wa USB-C unaokuja na chaja za simu umetengenezwa kwa ajili ya chaji na data ya polepole, na hauna nyuzi za kubebea picha.

Adapta nyingi pia zina uelekeo mmoja. Ile inayotoa DisplayPort kwenye kompyuta na kuingiza HDMI kwenye skrini haifanyi kazi ukiigeuza. VGA, ya tangu mwaka 1987 na yenye pini 15, hupeleka picha kwa mawimbi ya analogia, kwa hiyo kutoka HDMI kwenda VGA lazima pawe na kigeuzi chenye chipu ndani. Waya mtupu wenye HDMI upande huu na VGA upande ule hauna maana, na usiununue hata ukiwa rahisi. Kigeuzi chenyewe hunywa umeme wa pini ya 18, ambao kompyuta inalazimika kutoa miliampea 55 tu. Kisipotosheka, picha huwaka na kuzimika. Vigeuzi vyenye kitundu cha kuongezewa umeme viliwekewa kitundu hicho kwa sababu hiyo.

Katika kumbi za mikutano tatizo huwa ni urefu. Waya wa mita 15 uliopitishwa ukutani unaweza kubeba picha ya nukta 1920 kwa 1080 bila shida, kisha ukashindwa kabisa siku inapofungwa skrini mpya ya nukta 3840 kwa 2160, kwa kuwa nukta zimekuwa mara 4. Kuna kipimo ambacho hakihitaji kifaa chochote, nami nakipenda kwa sababu kinaokoa kubomoa ukuta bure. Punguza ukubwa wa picha kwenye mipangilio hadi 1280 kwa 720, au punguza kasi kutoka hezi 60 hadi 30, yaani idadi ya mara ambazo picha hubadilishwa kila sekunde. Picha ikitulia, waya ndio umezidiwa, na skrini pamoja na kompyuta havina hatia. Kumbuka pia kwamba HDMI 1.4 ya mwaka 2009 huishia hezi 30 kwenye picha kubwa ya namna hiyo, na hezi 60 zilikuja na HDMI 2.0 mwaka 2013, hivyo kompyuta ya zamani haitafika huko hata ukiinunulia waya wa bei gani.

Upande wa programu sina mengi. Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Skrini itapepesa na draiva ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha, itaanza upya. Kisha fungua orodha ya vifaa (Device Manager) na usome jina la kadi ya picha. Ukikuta adapta ya msingi ya Microsoft mahali pa Intel, AMD au NVIDIA, draiva sahihi haipo, na skrini ya pili haitatokea mpaka uipakue kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta. Wenye MacBook Air ya chipu ya M1 wajue kwamba inakubali skrini moja tu ya nje; ya pili kukataa si ubovu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ethi, yaani waya wa soketi unaopeleka umeme uliopotea njia ardhini. Chaja nyingi za kompyuta mpakato zina pini mbili na hazifiki ardhini, na vichujio vilivyomo ndani yake huacha umeme mdogo ukielea kwenye ganda la chuma. Ndio ule mtekenyo unaousikia ukiipitisha mkono kompyuta iliyo kwenye chaji. Skrini nayo ikiwa kwenye ekstensheni isiyo na ethi, tofauti hiyo ya volti hutafuta njia kupitia waya wa picha wakati unapouchomeka, na nimeshafungua bodi ambazo sehemu ya HDMI imeungua namna hiyo. Kwa sababu hiyo unganisha waya wa picha kwanza, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa kwenye umeme, kisha ndipo uwashe. Ukisikia mtekenyo huo ofisini, mwite fundi umeme aipime soketi.

Ukifika kwa fundi baada ya kujaribu haya yote, beba kompyuta, chaja yake ya asili, waya na adapta unazozitumia kila siku, pamoja na picha ya simu ya maandishi yanayotokea kwenye skrini. Ukija na kompyuta peke yake, nitaiunganisha na waya wangu kwenye skrini yangu, itawaka mara moja, nawe utarudi nyumbani na hitilafu yako ikikusubiri juu ya meza.