Muhali na mkono wa mkandaji

Kazi ya kukanda mwili huharibiwa na muhali, yaani kuona haya kumkatalia au kumkosoa mtu, kuliko inavyoharibiwa na mkono mzito. Mteja amelala, unambonyeza ukingoni mwa kombe la bega, anaumia, ukimuuliza anajibu "sawa tu, endelea". Haoni vyema kumkosoa anayemhudumia. Mkandaji naye anaona muhali kumrudisha jirani aliyekuja na mguu uliovimba, basi anaukanda. Nikiulizwa nasimamia nini katika kazi hii, ninachoweza kuonesha ni taratibu chache zinazomwezesha mteja kusema hapana bila ya kuona haya, na mimi kukataa bila ya kumvunjia mtu heshima.

Maswali yanatangulia mafuta. Mteja yuko kwenye kiti, nguo zake mwilini, maana aliyekwisha kulala hukubali kila kitu. Dakika tano zinatosha. Nauliza presha, sukari, mimba, upasuaji, homa, dawa anazotumia na vitu vinavyomwasha ngozi. Anayekunywa dawa za kuzuia damu isigande huvilia damu kwa kubonyezwa kidogo tu. Mwenye sukari ya miaka mingi huenda nyayo zake zimeshakufa ganzi, kwa hiyo akisema "bonyeza zaidi" simfuati. Nafuata rangi ya ngozi na ulaini wa nyama. Mwenye homa nampeleka akapimwe, si kitandani. Mgeni aliyepiga mbizi leo namwambia aje kesho, kwa sababu maumivu ya kukandwa kwa nguvu yanaweza kuchanganywa na dalili za ugonjwa wa wazamiaji, na daktari akapotea njia.

Kuna kimoja sikigusi hata kwa ncha ya kidole: shavu la mguu mmoja lililovimba, lenye joto na maumivu, hasa kwa aliyejifungua karibuni, aliyetoka kwenye upasuaji au aliyekaa kwenye ndege saa nyingi. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kipande kikichomoka kinasafiri hadi kwenye mapafu, na mtu hufa. Huyo anakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mwenye maumivu ya kiuno anayesikia ganzi baina ya mapaja, au aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo, naye ni wa hospitali leo, si kesho.

Sitara haina mjadala mrefu. Nakanda wanawake, wanaume nawaelekeza kwa mwenzangu mwanamme. Kanga mbili, moja juu na moja chini, na kinachofunuliwa ni kile kinachokandwa wakati huo tu: mguu wa kulia ukimalizika unafunikwa, ndipo wa kushoto ufunuliwe. Ukingo wa kanga unapindwa na kubanwa kiunoni usitembee. Matako nayakanda juu ya nguo. Kifua sikigusi. Nikitaka kuhamia sehemu nyengine natamka kwanza, "sasa nakuja shingoni", ili mkono usimfikie mtu kwa ghafla. Mgeni kutoka Ulaya anayesema hana haja ya kufunikwa naye anafunikwa. Chumba ni changu na utaratibu ni mmoja.

Dawa ya "sawa tu" ni namba. Namwomba mteja ataje kuanzia sifuri hadi kumi, nikitaka tubaki kwenye tano, na sita kwa fundo gumu. Mtu anayeona haya kusema "unaniumiza" haoni haya kusema "nane". Hata hivyo mwili naendelea kuutazama: vidole vya miguu vikijikunja, pumzi ikizuiwa, mabega yakipanda kuelekea masikioni, hiyo ni nane hata kama mdomo umesema nne. Msuli ulioumizwa hujikaza kujilinda, na anayezidi kuusukuma anashindana nao bure. Kesho yake mteja ana michubuko na anasifu kwamba "mkono ule una nguvu". Sifa hiyo siitaki.

Migongo ninayoipenda zaidi kuishughulikia ni ya wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja, Jambiani, Paje na kwengineko. Mwanamke huyu anainama saa kadhaa, miguu imenyooka ndani ya maji, akifunga vishada kwenye kamba zilizotandikwa kwenye vigingi, kisha anabeba mzigo uliolowa mpaka nchi kavu. Misuli miwili mirefu iliyo kandokando ya uti wa mgongo inamshikilia asianguke mbele, na nyuma ya mapaja kunavutika muda wote. Ndiyo maana kumkanda kiuno peke yake hakumsaidii sana. Naanza na viganja vizima, taratibu, kutoka kiunoni kwenda mabegani, dakika tatu hivi, mpaka ngozi ipate joto. Kisha kitako cha kiganja kinapanda upande mmoja wa uti, upana wa kidole kutoka kwenye mifupa. Juu ya mifupa yenyewe hakubonyezwi kamwe, na chini ya mbavu za mwisho, penye mafigo, mkono unakuwa mwepesi. Fundo likipatikana silisugui. Nalibonyeza na kutulia, sekunde 30 hadi 60, mpaka lilegee chini ya kidole. Lisipolegea naliacha na kulirudia baadaye. Halafu matako, kwa mkono wa chini baina ya kiwiko na kifundo, juu ya kanga, na mwisho nyuma ya mapaja kutoka gotini kwenda juu. Hapo penye mapaja ndipo wengi huvuta pumzi ndefu.

Wakati nao una maana. Bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kutoka sana, ndiyo siku za kazi shambani, maji yakitoka mbali. Anayekandwa asubuhi akaenda kuinama mchana amepoteza fedha zake. Nawashauri waje maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali, ambapo mwili una siku chache za kupumzika. Maumivu yatarudi bamvua ijayo, na nawaambia hivyo kabla hawajalipa. Kupiga magoti badala ya kuinama pale maji yanaporuhusu, au kufungia kamba nchi kavu, kunamsaidia mgongo kuliko mimi.

Kuhusu mafuta, ya nazi yanatosha. Mgongo unataka mililita 15 hivi, mwili mzima 30 hadi 40. Yakizidi, mkono unateleza na hausikii chochote. Yakipungua, vinyweleo vinavutwa. Chini ya nyuzi 24 huanza kuganda, ndiyo maana asubuhi za kipupwe chupa huwa nzito: iweke ndani ya bakuli la maji ya moto, si juu ya jiko. Yaliyochacha yamwage, harufu yake haitoki kwenye shuka.

Mafuta ya karafuu ndiyo yanayotutia aibu. Pemba inayatoa mazuri, na watu huyapaka yakiwa matupu kwa kuamini kwamba kinachowaka ndicho kinachoponya. Kinachowaka ni yujenoli, sehemu kubwa ya mafuta hayo, nayo huunguza ngozi na kuacha malengelenge. Kipimo changu ni matone matatu ndani ya mililita 30 za mafuta ya nazi, basi. Kwa mteja mpya tone la mchanganyiko huo linawekwa upande wa ndani wa mkono siku moja kabla. Mjamzito, mtoto mchanga na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda siwapaki kabisa. Na usiyahifadhi kwenye chupa ya plastiki nyepesi, huilainisha.

Kuna maneno sisemi hata kama yanauza. Kukanda hakutoi sumu mwilini; kazi hiyo ni ya ini na mafigo. Hakuyeyushi mafuta ya tumbo wala hakurudishi mfupa uliovunjika. Kunalegeza misuli iliyokaza kwa saa kadhaa, pengine siku mbili tatu, kunatuliza moyo, na wengi usiku huo hulala vizuri. Kwangu hilo ni kubwa, na ndiyo sababu naipenda kazi hii: mtu aliyetumikia watu tangu alfajiri anapata saa moja ambayo hakuna anayemtaka kitu. Kifundo cha mguu kilichoteguka hakisuguliwi siku mbili tatu za mwanzo, na asiyeweza kupiga hatua nne kwa mguu huo anakwenda kupigwa picha.

Kwa wajawazito na wazazi, yaani waliojifungua karibuni, nasema kwa adabu, maana hapa kuna bibi zetu wenye ujuzi wa miaka mingi. Kumgeuza mtoto kwa kukanda tumbo mimi sifanyi, kondo la nyuma linaweza kubanduka. Mimba ikifika nusu, mteja analala ubavu, wa kushoto ni bora, mto baina ya magoti, kwa sababu akilala chali muda mrefu tumbo hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto siku arubaini ni desturi njema kwa mgongo, mabega na miguu isiyo na uvimbe wa kutiliwa shaka. Taulo linalochovywa hujaribiwa kwanza upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa mkandaji. Likimchoma yeye, litamuunguza mzazi. Tumbo lenye mshono halikandwi wala halichomwi, mpaka kliniki waukague na waseme umepona. Mama mkwe akisisitiza, namwomba tumkande mzazi miguu pamoja, yeye mmoja na mimi mmoja. Mara nyingi anakubali, kwa sababu alichokuwa akitaka ni mkwewe ahudumiwe.

Kwa anayeanza kazi: kucha fupi, pete nje, na kitanda cha urefu ambao ukisimama mikono ikining'inia ngumi zako zinagusa juu yake. Tumia uzito wa mwili, si dole gumba. Kitanda kikiwa kifupi utainama siku nzima, na ndani ya mwaka utahitaji kukandwa kama hao wakulima wa mwani.