Sanaa ya dhana na nafasi ya picha ndani yake

Sanaa ya dhana ni ile ambayo kazi yenyewe ni wazo. Kile unachokiona kinakufikisha tu kwenye wazo hilo. Ilishika kasi miaka ya 1960, na mwaka 1967 msanii Sol LeWitt wa Marekani aliandika kwamba wazo ndilo mashine inayotengeneza sanaa. Lakini wazo halitundikiki ukutani. Mwaka huohuo, msanii Richard Long alikwenda na kurudi kwenye uwanja wa majani huko Uingereza mpaka yakalala na kufanya mstari. Majani huinuka tena. Kilichobaki ni picha.

Kamera iliingia hapo kama karani wa kuweka kumbukumbu, na uzuri wa picha haukuwa hoja.

Mfano ulio wazi zaidi ni kazi ya Joseph Kosuth ya 1965: kiti, picha ya kiti hichohicho kwa ukubwa wake halisi, na maana ya neno “kiti” iliyokuzwa kutoka kwenye kamusi. Wengi huhesabu vitu vitatu wakaondoka. Isogelee ile picha: sakafu na ukuta vinavyoonekana ndani yake ni vya chumba hichohicho ulichosimama, maana agizo la msanii linataka kiti kipigwe picha palepale kinapooneshwa. Kazi ikihamishiwa jumba jingine, hupigwa picha mpya. Kinachodumu ni agizo.

Ukitaka kujaribu kazi ya namna hii, Mikindani, mji wa pwani kusini mwa Tanzania, ina milango ya nakshi inayofaa sana. Andika sharti, yaani agizo lako, kabla hujashika simu: kila mlango wa mbao upande mmoja wa mtaa, kona hadi kona, bila kuruka hata mmoja. Simama mita 4, simu wima, usawa wa komeo, bila kuvuta karibu. Subiri mawingu: wapiga picha Bernd na Hilla Becher, waliopiga picha minara ya maji na mitambo ya viwanda Ujerumani, walifanya hivyo ili vivuli visiingilie ulinganisho. Ukiiinua simu kutazama juu, miimo ya mlango itaonekana kuegemeana.

Kosa linaloua kazi ni kuuacha mlango uliozibwa kwa bati eti hauvutii. Hapo sharti limevunjika, na unabaki na picha za kadi za watalii. Ikipatikana milango 9, ipange safu 3 za picha 3, zote saizi moja, na sharti lako ulichape pembeni kwa herufi zinazosomeka ukiwa umesimama.