Je, wajua kwa nini kung'oa themostati hakulipozi gari linalochemsha?

Rafiki yangu ana gari lililomzidi umri mdogo wake wa mwisho. Lilikuwa na ugonjwa mmoja: likipanda mlima, mshale wa joto nao unapanda. Aliponiomba ushauri nilimjibu bila kusita: "Ng'oa hiyo themostati. Ndiyo inayoyabania maji." Akaing'oa. Wiki ya kwanza mshale ukalala chini kabisa, nami nikajiona fundi. Wiki ya tatu gari likachemsha tena, safari hii kwenye tambarare, bila mzigo.

Ushauri ule sikuubuni mimi. Nimeusikia kwa madereva na hata kwa mafundi wanaoheshimika, na unaingia akilini haraka. Themostati ni kizibo kilichokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta, kile kipozea maji kilicho mbele ya gari. Ukiondoa kizibo, maji yanapita zaidi. Maji yakipita zaidi, injini inapoa zaidi. Ubaya wa hoja hii ni kwamba ina ukweli ndani yake, kiasi cha kutosha kuifanya idumu.

Historia ya themostati ni fupi. Injini ya petroli hugeuza theluthi hivi ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto: sehemu kubwa hutoka na moshi kwenye ekzosi, na nyingine kubwa hubebwa na maji hadi kwenye rejeta. Magari ya mwanzo hayakujali sana joto hilo lisimamiweje. Ford Model T nyingi ziliendesha maji bila pampu wala themostati. Maji ya moto yalipanda yenyewe, ya baridi yakashuka, basi. Baadaye zikaja themostati zenye kopo la mikunjo kama mvukuto, ndani yake kimiminika kinachochemka upesi. Zilifanya kazi vizuri mpaka mifumo ya kupoza ilipoanza kufungwa kwa mfuniko wenye presha. Presha ya maji ikawa inalikandamiza kopo kutoka nje, nalo likachelewa kufunguka. Mwaka 1934 Sergius Vernet akavumbua themostati inayotumia nta, na mpaka leo karibu kila gari lina nta ya namna hiyo chini ya boneti.

Ndiyo, nta, ndugu ya ile ya mshumaa. Hapa inafaa tusimame kidogo, maana kifaa hiki ni cha ajabu kuliko sura yake.

Aliyewahi kumimina mshumaa nyumbani anajua kwamba nta ikiganda hubonyea katikati na kuacha kishimo. Maji hufanya kinyume: yakiganda huvimba, ndiyo maana chupa iliyojaa hupasuka kwenye friza. Nta hunywea ikiganda, na kwa hiyo huvimba ikiyeyuka, kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi ya ujazo wake. Si nyingi kwa macho. Lakini ifungie nta hiyo ndani ya kikombe kidogo cha chuma kisichotanuka, na uvimbe huo utatafuta pa kutokea kwa nguvu kubwa sana.

Pa kutokea pameandaliwa mahali pamoja tu. Katikati ya kikombe kuna kipini cha chuma kilichosuguliwa kikang'aa, kimevikwa ala ya mpira. Nta inapoyeyuka huubana mpira pande zote, na kipini huchomoka. Fikiria kipande cha sabuni kilicholowa: ukikikamata kwa nguvu, hakisagiki, kinateleza na kutoka mkononi. Mkono ni nta, sabuni ni kipini. Sasa, ncha ya kipini imeegemea fremu isiyosogea, kwa hiyo kipini hakina pa kwenda. Kinachosogea ni kikombe chenyewe, kikirudi nyuma pamoja na valvu, yaani mlango wa maji, na njia ya maji kufunguka. Maji yakipoa, nta huganda na kunywea, springi inakirudisha kikombe, mlango unafungwa. Ili joto lisichelewe kuifikia nta yote, huchanganywa na unga wa shaba. Hakuna umeme, hakuna waya. Joto la kuyeyuka la nta ndilo amri yenyewe, na amri hiyo huchongwa kama namba kwenye kiwiliwili cha themostati: 82, 88, mara nyingine 92, yaani nyuzi za Selsiasi. Kwa kawaida hapo ndipo inapoanza kufunguka. Kufunguka kabisa huchukua nyuzi kumi na kitu zaidi.

Kosa langu lilikuwa papo hapo. Niliichukulia themostati kama kifaa cha kupoza. Kazi yake ni kuhakikisha injini *inapata* joto upesi na haishuki chini ya kiwango fulani. Inaweka sakafu. Dari huwekwa na wengine: rejeta, feni, pampu ya maji, mfuniko wa presha. Mshale ukishafika kwenye alama nyekundu, themostati isiyo na kasoro imekwisha kufunguka zamani na haina amri nyingine ya kutoa. Kuilaumu kwa gari kuchemsha mlimani ni kama kumlaumu bawabu aliyefungua geti kwa foleni iliyo ndani. Na kwa sababu hiyo hiyo, kuweka themostati ya namba ndogo, tuseme 71, hakuponyi gari linalochemsha. Linaanza safari likiwa na baridi zaidi, kisha linafika kwenye dari ile ile.

Mbona basi kuing'oa husaidia baadhi ya watu? Kwa sababu themostati nazo hufa. Nta ikivuja nje ya kikombe au kipini kikikwama kwa kutu, mlango haufunguki, na gari litachemsha hata asubuhi yenye ubaridi. Kwa gari hilo, kuing'oa kunaondoa kizuizi cha kweli. Nafuu inaonekana siku hiyo hiyo, dereva anawasimulia wenzake, na masimulizi hayataji kwamba themostati mpya ingeleta nafuu hiyo hiyo bila hasara. Kuna na sababu ya pili, ambayo nadhani ndiyo iliyonidanganya mimi. Bila themostati injini huanza safari ikiwa na baridi na kupanda joto polepole. Safari fupi zinaisha kabla mshale haujafika popote. Ugonjwa upo, ila mgonjwa anaondoka kabla ya vipimo.

Lakini gari la rafiki yangu lilizidi kuwa baya kuliko mwanzo, na hilo linahitaji maelezo yake.

Themostati ikiwa imefunga, pampu haisimami. Maji lazima yaendelee kuzunguka ndani ya injini, la sivyo yatachemka kwenye kona za silinda hedi (kichwa cha injini, juu ya pistoni) huku kwingine yakiwa vuguvugu. Kwa hiyo kuna njia ya mkato inayoyatoa kwenye hedi na kuyarudisha kwenye pampu bila kupitia rejeta. Katika injini nyingi themostati ina sahani ya pili upande wa chini, ambayo wengi wetu hatuiulizi inafanya nini. Valvu kubwa inapofunguka kuelekea rejeta, sahani ile inashuka na kuziba njia ya mkato. Kifaa kimoja, milango miwili: mmoja ukifunguka, mwingine unafungwa.

Ukiing'oa, umeacha milango yote miwili wazi. Na maji hufuata mkondo. Upande mmoja kuna rejeta yenye vijia vyembamba, vingine vimeshaziba kwa kutu. Upande wa pili kuna njia fupi na pana. Sehemu ya maji ya moto itapita mkato na kurudi kwenye injini ikiwa na joto lake lote. Yaani kwa kuondoa kizibo ili maji mengi yaende kwenye rejeta, tulipunguza maji yanayokwenda kwenye rejeta.

Si injini zote zilizopangwa hivyo. Zipo ambazo njia ya mkato ni tundu dogo lisilozibwa kamwe, na zipo zinazopitisha maji hayo kwenye hita ya ndani ya gari. Kwenye hizo, kung'oa themostati hakuongezi kuchemsha. Kunaleta ubaridi tu, ambao nitaufikia. Ukitaka kujua yako, itazame themostati upande wa nta: ikiwa na sahani ya pili pale chini, jibu unalo.

Nilipoanza kulisoma jambo hili nilikutana na maelezo mengine, yanayopendwa hata na wale wanaokataa kung'oa themostati. Wanasema bila themostati maji yanakwenda mbio mno, hayapati muda wa kuacha joto kwenye rejeta. Niliyaamini kwa miezi kadhaa, nikayarudia mbele za watu. Nayo si sahihi, na kosa lake lina utamu wake.

Chukua watoto kumi wanaocheza kwa kuizunguka nyumba. Nusu ya njia yao ni juani, nusu kivulini. Wakitembea, kila mmoja anakaa kivulini muda mrefu kila mzunguko. Wakikimbia, anakaa muda mfupi, ila anarudi upesi. Hesabu mwisho wa saa: wote wamekaa kivulini nusu saa. Maji ya gari ni watoto hao. Mfumo ukiwa na lita 6 na rejeta ikibeba 2, basi wakati wowote theluthi ya maji iko kwenye rejeta, yakimbie au yajikokote. Muda wa kupoa haujapungua hata sekunde.

Tena mwendo wa kasi husaidia, kwani rejeta nzima inabaki ya moto kuanzia juu hadi chini, na kitu cha moto zaidi humwagia hewa joto zaidi. Anayeshika bomba la mpira la juu na la chini la rejeta akakuta tofauti ndogo hudhani rejeta haifanyi kazi. Tofauti ni ndogo kwa kila lita, lakini lita ni nyingi. Kikwazo cha themostati kina faida moja inayotajwa na wajenzi wa injini: huongeza kidogo presha ndani ya hedi na kuzuia viputo vya mvuke kwenye sehemu zenye joto kali. Faida hiyo ipo, hasa injini inapozunguka kwa kasi, lakini ni jambo la presha. Muda wa kupoa haumo humo.

Sasa ule ubaridi. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji. Niliposoma hivyo nilirudia hesabu mwenyewe; ni kweli, haidrojeni ya mafuta inaungana na oksijeni ya hewa. Mengi hutoka kama mvuke kwenye ekzosi. Kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini. Injini ikiwa na joto lake, mvuke huo hupaa na kuondoka. Isipopata joto, unatonea kwenye oili, na ukifungua mfuniko wa oili unakuta utando wa rangi ya maziwa. Utando huo huo unaweza kuwa dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyokwisha, kwa hiyo usiuhukumu kwa macho tu. Zaidi ya hapo, kompyuta ya injini ikisoma baridi huendelea kumimina petroli ya ziada, ikidhani gari limewashwa sasa hivi.

Kupima themostati hakuhitaji karakana. Subiri injini ipoe kabisa kwanza: chini ya mfuniko wenye presha maji yanaweza kuzidi nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua yanageuka mvuke usoni kwako. Ukishaitoa, bana uzi kwenye mdomo wa valvu, ining'inize kwa uzi huo ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uwashe moto. Nta ikiyeyuka, mdomo unafunguka, uzi unachomoka na themostati inaanguka chini kwa mlio. Soma kipimajoto wakati huo. Ukiirudisha, kikombe cha nta kielekee injini, na kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo kikae juu. Hakijalegea, kimewekwa hivyo kupitisha hewa iliyonaswa wakati wa kujaza maji.

Ile ya rafiki yangu alikuwa ameihifadhi kwenye kopo la misumari. Tuliitundika sufuriani, namba yake ni 82, ikaanguka kipimajoto kikisoma 83. Rejeta tulipoimulika kwa tochi kwa nyuma, mwanga haukupita: vumbi na mabawa ya wadudu vilikuwa vimeziba mapezi yake karibu yote, upande ule usioonekana mpaka uinamishe feni.